Nilivyoiba Mama Maria wa dhahabu msibani Buhongwa, na mwenye nyumba akanishikia mlango

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Vijana marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Shule niliishia la tatu, kwa hiyo herufi zikipinda mnisamehe. Uongo hamtaukuta humu.

Mimi ni Mzaramo, nashona viatu Buhongwa miaka mingi. Jirani yangu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma, yaani mtani wangu. Kwa mdomo alishanizika mara nyingi tu. Akatangulia yeye.

Ujanani Masanja alimpikia padre mmoja wa Kiitaliano. Padre akirudi kwao akamwachia kibao cha shaba, kidogo kama msahafu, kimepakwa dhahabu. Mama Maria kampakata Mwanawe, na wametokeza kabisa, unaweza kumshika mtoto kidole cha mguu.

Mama Kulwa, mke wa Masanja, ndivyo alivyokuwa akifanya. Kila asubuhi anaugusa ule mguu, anasali, anakwenda shamba. Mpaka dhahabu ya mguuni ikaisha.

Hata kiatu huisha pale mtu anapoegemea. Ila turudi msibani.

Masanja hata hajapoa, wanawe Kulwa na Doto wakaleta mnunuzi wa vitu vya kale. Jamaa akasema kazi hii ni ya Italia, ina mamia ya miaka. Tatizo mguu umelika, bei inashuka.

Nikamsikia Doto anamwambia mama yake, "Mama, usiuguse tena. Unatuharibia."

Mama Kulwa akainuka. Akaja nilipokaa kwenye turubai.

"Mtani, tangu jana uko hapa na hujaiba hata kijiko. Unaumwa?"

Halafu akatazama ndani, ukutani kilipotundikwa kibao.

Kwa wasiojua utani: msibani mtani anaruhusiwa kubeba kitu, na mfiwa haruhusiwi kununa. Anakikomboa. Akinuna, ukoo mzima unamcheka.

Basi nikavaa kofia ya marehemu, nikakohoa kikohozi chake, nikakitungua kibao. Mama Kulwa akanishikia mlango. Wazee walicheka mpaka chai ikamwagika. Kulwa na Doto nao walicheka, lakini meno tu.

Nyumbani mke wangu akakitazama weee.

"Baba Zuhura, umeniletea mke mwenza, tena ana mtoto?"

Akakifunika kanga. Kesho yake nikamkuta anakipangusa vumbi. Eti mgeni ni mgeni.

Siku ya kuanua tanga vijana wakaja kukomboa, mbele ya wazee. Nikasema nataka jogoo, na neno moja: kibao ni cha mama mpaka naye atutoke, na aguse anapotaka.

Wakatazamana. Wazee wanangoja kuona nani atanuna.

"Haya mtani," Kulwa akasema. "Ni cha mama."

Doto akatoka mbio, akarudi na jogoo. Mama Kulwa akamkagua.

"Huyu si wangu?"

Alikuwa wake, wa bandani kwake. Nikakirudisha kibao ukutani, jogoo nikamchinja hivyo hivyo, mtani hana aibu. Mama Kulwa akampika, akanipa paja, kisha akaenda ukutani na mkono wenye mchuzi, akaugusa ule mguu.

Nilichojifunza wakuu: ukiona kitu kimelika mahali, kabla ya bei uliza nani alikuwa anapashika.

Haya, nanyi watani wenu wamewaibia nini msibani? Wasukuma mnitukane taratibu, bandani kwa Mama Kulwa bado kuna jogoo mwingine.