Mwenye Ufunguo Ndiye Mwenye Kujibu

Kokushubira hakuinuka kwenye kiti bila kubonyeza kwa vidole vitatu. Ofisini alibonyeza vitufe vitatu vya kompyuta, skrini ikajifunga, asije mtu akaichezea yeye akiwa nje. Kanisani, kabla ya kwenda kukomunika, vidole hivyohivyo viligusa paja lake mara moja. Selina, aliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi, alikuwa akimtania. "Dada Koku, hata Bwana Yesu unamfungia?" Koku alicheka, na Jumapili iliyofuata akabonyeza tena.

Walikuwa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Ilemela, mahali ambapo upepo wa ziwa ukigeuka harufu huingia mpaka kwenye karatasi. Selina alikuwa karani wa shehena. Koku, mwanamke wa Bukoba aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mashine, na yeye peke yake alijua neno la siri linalofungua kila kitu.

Meneja wao, Mzee Machibya, alikuwa ametumikia ushirika wa pamba tangu ujana, mpaka soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi na ushirika ukafa mikononi mwake. Kwenye maghala ya pamba alitoka na sheria moja: mwenye ufunguo ndiye mwenye kujibu. Marobota yakipungua, hakuna aliyeuliza habari za panya wala bati lililotoboka. Aliulizwa mtunza ghala. Basi kompyuta zilipofika, Mzee aliagiza neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, ipigwe lakiri na kuwekwa kwenye sefu pamoja na funguo za vyumba vya baridi. Koku akatia sahihi kwamba amekabidhiwa. Alitia sahihi huku anacheka. Alidhani ni mambo ya wazee.

Baadaye aligundua pengo. Alimweleza Selina wakati wa chai.

"Mashine ikikaa bila mtu, yenyewe inafungua programu ya picha ili skrini ipumzike. Sawa? Sasa haiifungui kwa uwezo wako wewe karani. Inaifungua kwa uwezo wake yenyewe, ambao hauna mipaka. Na mahali picha hiyo inapokaa, waliotengeneza wamepaacha wazi kwa kila mtu."

"Sijaelewa."

"Chukulia bosi ana mazoea ya kupokea kifurushi dirishani kila jioni, anakifungua chumbani kwake bila kutazama. Dirisha liko barabarani. Mtu akibadilisha kifurushi je?"

"Mungu wangu. Kwa hiyo hata mimi naweza kuwa wewe?"

"Hata wewe. Na bila kujua neno langu la siri."

"Si uzibe!"

"Kuziba ni kazi ya asubuhi moja. Ila waliotuuzia wamesema akigusa mtu mwingine hawatazihudumia tena, na Mzee kawasikiliza wao."

Hata hivyo Koku alimwendea Mzee, Selina akiwa nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Enhe, Mhaya, leo umekuja na Kiingereza gani?"

Koku alieleza polepole, kwa Kiswahili kitupu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa dharau, kisha akauliza, "Ufunguo umepotea?"

"Haujapotea."

"Kuna mwingine anao?"

"Hakuna, Mzee, ila ufunguo hauhitajiki—"

"Basi ghala limefungwa, binti yangu. Nendeni mkafanye kazi."

Msimu ule wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakali sana kuhusu samaki wa ziwa letu. Walitaka kujua kila mnofu umetoka majini lini. Shehena moja ilifika huko imeharibika, ilhali kompyuta ilisema samaki wale walikuwa wabichi kabisa. Tarehe zilikuwa zimebadilishwa. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kwamba aliyezibadilisha hakuwa karani wala mpokeaji. Alikuwa mwenye mamlaka yote, na hayo yalikuwa ya Koku peke yake.

Mzee Machibya hakupiga kelele. Alitoa bahasha kwenye sefu, akaonyesha lakiri haijaguswa, akamtazama Koku kwa huzuni ya kweli. Kazi ya Koku ingekwisha palepale, asipopata la kujitetea.

"Nipe nafasi nikuonyeshe," alisema Koku.

Walikusanyika ofisini: Mzee, Selina, na Chenge, msimamizi wa mapokezi ya samaki, ambaye shehena ile ililala kiwandani kwenye zamu yake. Koku alikataa kugusa mashine. Alisimama mbali, mikono nyuma, akamwambia Selina aingie kwa jina lake la ukarani, akamwelekeza hatua kwa hatua jinsi ya kubadilisha kifurushi, yaani ile programu ya picha, kisha ajitoe kwenye mashine. Wakasubiri. Chai ikaletwa, ikapoa. Chenge alipiga miayo. Mwishowe skrini ikabadilika, na badala ya picha likafunguka dirisha jeusi, likingoja amri.

"Badilisha tarehe yoyote," Koku alisema.

Selina alibadilisha. Mashine ikaandika kwamba mwenye mamlaka yote ndiye aliyefanya.

Selina aligeuka akitabasamu, kwani nani angebishia jambo aliloliona kwa macho yake? Hakuna aliyetabasamu.

"Kwa hiyo njia unaijua," alisema Mzee.

"Naijua. Ndiyo maana nilikuja kukuambia!"

"Nani mwingine anaijua?"

"Yeyote anayetaka kusoma, Mzee. Imeandikwa, watu wanapeana."

"Hapa nani anasoma mambo hayo?"

Chenge alicheka. "Mimi hata kuiwasha naogopa. Mwizi akikuonyesha tundu alilopitia, Mzee, utamwita fundi ujenzi?"

"Nimebonyeza mimi!" Selina alipaza sauti. "Hajagusa kitu! Mmeona wenyewe!"

"Umebonyeza alichokufundisha," alijibu Mzee, bila hasira. "Mama, kaa chini."

Selina hakukaa. Alisema tena, akasema na kwa Kisukuma, labda kwa lugha ya nyumbani maneno yangeingia. Mzee alimjibu kwa Kisukuma hichohicho: mwenye ufunguo ndiye mwenye kujibu. Alitazama dirisha lile jeusi na kuona kitu kimoja tu, kwamba mtunza ghala alikuwa na mlango wa pili.

Koku alifukuzwa kazi, akasindikizwa hadi alikopanga, Mabatini, kuchukua mizigo yake, na siku ya meli ya Bukoba Selina alimbebea begi mpaka bandarini. Alimwambia kwamba atampelekea Mzee habari tena, na safari hii atapata maneno mazuri zaidi.

Koku alimshika mkono.

"Usithubutu. Pengo liko vilevile, na sasa unalijua wewe. Wakikuuliza, sema wewe unachapa hati za shehena tu."