Namba Zilizokataa Kukaa

Mimi na herufi za risasi za kupigia chapa hatukupendana tangu siku ya kwanza. Zinapangwa kichwa chini, zinasomeka kinyume, na vidole vinabaki vyeusi hata uvisugue kwa majivu. Lakini nilikuwa nimeagwa Idodi kwa vigelegele. Mama alishatangaza kwa majirani kwamba mwanawe anakwenda Mbeya kutengeneza vitabu. Nikirudi nimeshindwa, uso nitauweka wapi?

Ilikuwa miaka ya sabini, na katika kile kiwanda kidogo cha chapa tulikuwa wanawake wawili tu kwenye herufi. Mwenzangu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, ameolewa karibuni, mpole mpaka anakera. Fundi mkuu, mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka pwani, alitupokea shingo upande.

"Wanawake kwenye herufi! Haya, tutaona," alisema. "Kitabu hiki kikitoka safi, mnabaki. Kikiharibika, kila mtu ashike njia yake."

Kitabu chenyewe kilikuwa cha bwana shamba mmoja mstaafu aliyekaa Uyole, kuhusu mazao ya zamani ya huku kwetu. Kila alipochukua habari kwa mwandishi mwingine aliweka namba ndogo juu ya neno. Mwisho wa kitabu ikaja orodha ya marejeo: namba, jina la mwandishi, na alichoandika. Ukikuta saba kwenye ndizi, unafungua mwisho, unatafuta saba, unajua nani kasema. Rahisi, eti? Rahisi nini! Kwenye muswada orodha ile haikuwa na namba. Majina yalifuatana tu, na kuyapa namba ilikuwa kazi yetu. Mwandiko wake nao ulikuwa kama kuku kaparua. Mwenzangu ndiye aliyeuweza, basi yeye akawa anasoma kwa sauti, mimi napanga herufi na kutia namba.

Tulipiga prufu, zile kurasa za majaribio za kusahihishia, tukampelekea bwana shamba. Ikarudi imejaa wino mwekundu. Mwanzoni pako sawa, aliandika, lakini kuanzia saba kila kitu kimekwenda upande. Ndizi zinampeleka msomaji kwa mtu wa ng'ombe, ng'ombe wanampeleka kwa mtu wa ulezi, na namba ya mwisho haina mwenyewe kabisa.

Nikasema huyu mzee kakosea kuhesabu mwenyewe, halafu anatusumbua sisi. Nikachukua kibanio, nikaanza kung'oa namba kwenye kurasa, vidude vidogo kuliko punje ya ulezi, kuanzia nane nikairudisha kila moja nyuma kwa namba moja, nane ikawa saba. Kidole kikatoka damu. Prufu ya pili nayo ikarudi na wino mwekundu. Sasa mtu wa ng'ombe alikuwa kabebeshwa na ndizi juu yake. Jamani!

Fundi mkuu akatuamuru tulinganishe upya. Mwenzangu akashika muswada, akasoma polepole. Mimi nikafuata kwenye prufu kwa kidole, jina kwa jina. Hakuna lililopungua wala kuzidi. Tukarudia, ikawa vilevile. Orodha ni sahihi, kitabu ni kibovu, na kosa halionekani! Nilikwenda nyuma ya stoo ya karatasi nikalia kwa hasira, baridi ya Mbeya inanikata masikio, naiona njia ya Iringa na Idodi ikiningoja.

Kesho yake mwenzangu alipotoka kwenda kuchota maji ya chai, nikaunyakua ule muswada niusome mwenyewe. Nilihangaika na ule mwandiko, herufi kwa herufi. Nikavuka jina la sita. Lililofuata sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Lakini nililijua. Mume wake aliitwa kwa jina hilo kila alipokuja kumchukua jioni. Lilikuwa jina la baba yake huyo mume.

Aliporudi nilimrukia hata kabla hajatua ndoo. "Dada, mbona hili hukulisoma?"

Akatazama, akavuta khanga akafunika kichwa, utadhani mkwe mwenyewe kaingia.

"Huyo ni baba mkwe, dada yangu. Kwetu silitaji jina lake. Akija huku, mimi napita kule."

"Sasa si ungenionyesha hata kwa kidole!"

"Nilipofika hapo nilinyamaza kidogo," alisema. "Nilidhani umeelewa."

Kwao mwanamke akinyamaza hivyo, wenzake wanajua, wanamalizia wao. Mimi Mhehe ningejuaje? Nilidhani anavuta pumzi! Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga kofi, na zaidi ya yote nilimwonea huruma.

Fundi mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisikia yote.

"Soma," alimwambia. "Kuanzia mwanzo."

Akasoma majina sita. Akanyamaza.

"Endelea."

"Mzee," nikadakia, "nitasoma mimi, yeye ashike prufu. Mbona ni jambo dogo?"

"Leo jina la mkwe, kesho la nani? Hapa tunasoma kila kilichoandikwa."

Hakuwa anafoka. Afadhali angefoka. Mwenzangu aliuweka muswada juu ya meza ya chuma, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo, akatoka, asirudi tena. Mimi nikaambiwa nibaki, kwa kuwa kosa nimelivumbua mimi. Nilipachika mstari uliokosekana, nikazirudisha namba zote zilipokuwa, na safari hii zikakaa kimya mahali pake. Nilikuwa nimeomba sana siku hiyo ifike. Ilipofika sikuweza hata kunywa chai.

Kitabu kilipotoka, alikuja mzee mmoja na fimbo, kofia mkononi. Alipiga hodi lakini hakuvuka kizingiti. Alisema amesikia jina lake limo kitabuni, amekuja kuliona kwa macho yake. Nikamkaribisha ndani.

Akarudi nyuma hatua moja, akaangalia chini.

"Kwanza niambie, binti. Mkamwana wangu anafanya kazi humu. Kama yumo nitangoja nje, nisimpe taabu."

"Hayumo, baba," nikamwambia. "Ingia tu."