Pima ya Kamba na Mikono ya Kitsao

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka viganja vyaniwasha mpaka leo. Nakuhadithia kwa sababu juzi ulinijia hapa Mjambere na simu yako mkononi, meno yote nje, ukaniambia, "Mzee, nimepata wateja wa ng'ambo, wataka vikapu vya ukindu. Niambie wapi nitavipata rahisi kabisa." Nikacheka. Ukadhani nakucheka wewe. La, nilikuwa najicheka mwenyewe, maana swali hilo nami niliwahi kuliuliza, zamani nikiwa na nywele.

Shule mimi sikusoma. Niliiona kwa nje tu, nikasema jengo zuri hili, nikenda zangu. Kwa hivyo usitarajie maneno ya vitabu. Nitakwambia niliyoyaona, na nikitia chumvi kidogo nivumilie, chakula kisicho chumvi hakipiti kooni.

Wakati huo mahoteli ya Shanzu na Bamburi yalikuwa yaezekwa makuti kila upande. Wageni wapenda sana kukaa chini ya makuti, sijui kwa nini. Sisi tukipata senti mbili twakimbilia mabati, wao wana mabati kwao, wapanda ndege kuja kutafuta makuti! Haya, makuti nayo hayashiki kwa mate. Yafungwa kwa kamba ya makumbi, yaani yale maganda ya nazi. Na kamba hiyo ilisokotwa na kina mama wa upande wa Likoni, kule Mtongwe. Mimi nilikuwa katikati. Nanunua kwao, navusha feri na mkokoteni wangu, napeleka Shanzu.

Kamba iliuzwa kwa pima. Pima waijua? Watanua mikono yote miwili kama mtu atakaye kumkumbatia tembo. Kutoka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule, hiyo ni pima moja. Na desturi ilikuwa mchuuzi ndiye apimaye, akinunua na akiuza. Sasa mimi waniona nilivyo. Mungu aliponiumba udongo ulikuwa umekaribia kwisha. Nikitaka kujikuna mgongo sharti nimwite jirani. Kina mama wa Mtongwe walinipenda mno! Nikitokeza tu, wasikia vigelegele, "Haya, pima yetu hiyo yaja!"

Nikakaa nikafikiri. Hapa Mjambere palikuwa na mgema wa tembo, Kitsao, Mgiriama mmoja mpole. Huyo bwana alikuwa na mikono! Wallahi, akisimama wima alikuna magoti bila kuinama. Watu walisema akipanda mnazi wa kwao mkono mmoja huwa uko kwenye mnazi wa jirani. Nikamfuata, nikamwambia, "Kitsao ndugu yangu, kazi yako ni kutanua mikono tu. Hata kuongea usiongee, ila kamba ikipungua sema 'bado', basi."

Akaniuliza, "Na nikichoka?"

"Utachokaje, nawe wakumbatia hewa?"

Basi ikawa hivyo. Mtongwe nikinunua, apima Kitsao. Shanzu nikiuza, napima mimi. Hapo baina ya mkono wake na wangu ndipo nilipokuwa nikila. Na nilikula! Nikanunua viatu vya ngozi vinavyolia nikitembea, kwi, kwi, kwi, mpaka bata wa Mjambere wakawa wanifuata wakidhani ni jamaa yao.

Mkubwa wa wale kina mama alikuwa Bi Mwanasiti, Mdigo, mwili wa kuku lakini macho ya tai. Alikuwa akiishi na mamake, bibi kizee sana wa kulala tu kitandani. Paa la nyumba yao lilikuwa limeoza. Wao waliosokota kamba za kuezekea mahoteli, kwao nyota zaonekana kitandani. Mvua ikivuja huku, kitanda cha bibi chasogezwa kule. Ikivuja kule, charudi huku. Kitanda kile kilisafiri kuliko mimi na mkokoteni wangu.

Bi Mwanasiti alikuwa amejiwekea ahadi: nikitimiza kamba hizi za hoteli, nageukia paa la mamangu kabla masika haijaingia. Lakini kila akidhani ametimiza, Kitsao akitanua mikono, kamba yapungua kama kitambaa kilichofuliwa. Arudi kusokota tena. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Basi siku moja Kitsao akipima, Bi Mwanasiti akasimama. Alitazama mikono ya Kitsao, akatazama yangu, akarudi ya Kitsao. Mimi roho ikawa yaniuliza, huyu mama afikiri nini?

"Kibwana," akaniita.

"Labeka, mamangu."

"Hii kamba wauza. Ushapata kuiona ikizaliwa?"

Nikamwambia ukweli, sijapata. Mimi kila nikifika naikuta imeshakunjwa, imekaa kitako yanisubiri. Nikatia na mzaha, "Nadhani mwaitaga, kama kuku."

Kina mama wakacheka wakashikana. Yeye hakucheka. Akasema, "Kesho kutwa bamvua, maji yatoka mbali. Njoo asubuhi, wewe na mrefu wako, uone kiota."

Mwanangu, mimi nina maradhi mamoja, kutaka kujua. Mtu akifunika sufuria mbele yangu silali. Siku ya bamvua nilifika Mtongwe mapema kuliko majogoo, na Kitsao nyuma yangu apiga miayo.

Bi Mwanasiti akatutangulia mpaka kwenye matope, bahari imerudi nyuma kabisa. Nikavua viatu vyangu vya kwi kwi, nikavishika mkononi, hatua ya tatu nikateleza, kimoja kikazama. Kiko huko mpaka leo, labda kimeshafika Bara Hindi.

Akasimama mahali. Hapakuwa na kijiti, hapakuwa na alama yoyote, matope ni matope. Akasema, "Chimbeni."

"Wajuaje kuwa hapa ndipo pako?"

"Wewe kwenye giza wajuaje mdomo wako ulipo?"

Tukachimba. Chini ya matope na mawe mkawa na makumbi yamejipanga, meusi. Harufu iliyotoka hapo, mwanangu, ilinipiga kofi. Nzi wenyewe walikuja, wakanusa, wakaomba radhi wakaondoka. Nikauliza, "Haya yamefukiwa lini?"

"Tangu mjukuu wangu hana jino. Sasa aniuma kidole."

Miezi yote hiyo! Mimi nilikuwa nikidhani kamba ni kazi ya jioni moja, mtu asokota huku apiga soga. Nikaanza kuuliza kama mtoto. Kwa nini matope ya chumvi? Ili kumbi lilainike, nyuzi ziachane. Na mawe ya nini? Maji yasiyachukue. Na yakichukuliwa? Bi Mwanasiti akanitazama. "Yakichukuliwa na maji, yamechukuliwa. Wafukia mengine."

Tukayabeba mpaka uani. Yakapigwa kwa rungu juu ya jiwe, twaf, twaf, mpaka uchafu ukatoka zikabaki nyuzi. Nikapiga mimi, bega likataka kuhama. Wakaziosha, wakazianika. Kisha Bi Mwanasiti akanipa usumba, yaani zile nyuzi za makumbi, uliokwisha kukauka wa siku za nyuma, akanikalisha kwenye jamvi. "Haya mchuuzi. Sokota."

Kuusokota usumba wausugua baina ya viganja, nyuzi kwa nyuzi, waunga, wasugua tena. Wao walikuwa wafanya huku wasengenya. Mimi nilitoa ulimi nje kama mbwa. Kitoto kimoja cha kike kikaniuliza, "Mjomba, wasokota kamba au mkia wa panya?" Viganja vikawa vyekundu, vikawa moto, vikatoka malengelenge. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na siku hiyo mimi nilikilalia kitanda, kunguni wote wakaja kuniamkua.

Ilipoadhiniwa adhuhuri nikainua kamba yangu juu. "Bi Mwanasiti, pima hiyo! Imetimia!"

Kwa macho yangu ilikuwa imetimia, tena na zaidi. Yeye akasema taratibu, "Kitsao baba, mpimie tajiri wako."

Kitsao akasimama. Akatanua ile mikono. Mwanangu, sikuwahi kuiona mirefu vile. Ilifunguka, ikazidi kufunguka, nikadhani itafika Changamwe. Akashika ncha ya kamba yangu kwenye kidole cha kushoto, akaivuta. Ikapita kiwiko, ikapita bega, ikafika kifuani. Ikaisha.

"Bado," akasema Kitsao, kama nilivyomfundisha.

Nikaruka. "Bado nini! Acha wizi wewe! Pima na mikono yangu!"

Waliokuwa wakipiga makumbi wakaweka marungu chini. Mimi mwenyewe nikasikia maneno yangu yanirudia masikioni, na nikatamani yale matope yangefunguka tena yanimeze, mimi na kiatu changu kilichobaki. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mama mmoja kutoka huko nyuma akasema, "Ehee. Sasa amesoma." Wakaangua kicheko, wakacheka mpaka wengine wakalia.

Bi Mwanasiti akaja akakaa karibu yangu, akaushika mkono wangu wenye malengelenge. "Kibwana mwanangu, Mungu kaumba mkono mrefu na kaumba mkono mfupi, na yote ni mizuri. Ubaya ni kuchagua mkono kwa kumtazama uliyesimama mbele yake." Kisha akanionyesha juu kwa kidevu. Nikatazama paa lake. Jua lilikuwa lapenya kila mahali, laanguka juu ya shuka ya yule bibi kizee kama madoa ya chui. "Kila pima uliyoirefusha," akasema, "ni siku niliyokuwa nishone kuti la mamangu."

Nikaiweka kamba yangu miguuni pake, bila mzaha. Nami kukosa mzaha, waulize watu wa hapa, ni jambo la kuitia daktari.

Wakakata ufito hapo hapo, kwa pima ya Bi Mwanasiti mwenyewe, watu wote washuhudia. Ikawa ndiyo pima, ya kununulia na ya kuuzia. Nilipofika nao Shanzu, msimamizi wa hoteli akanitazama juu chini. "Kibwana, wiki hii wala nini? Pima yako imenenepa!" Nikamwambia ni hali ya hewa. Sitakudanganya, mwanangu, faida ilikonda. Viatu vipya sikununua kwa muda mrefu. Lakini nililala, na nilipokuwa nikifika Mtongwe sikuwa tena natazama chini.

Na kulikuwa na kamba zilizopimwa kwa mikono ya Kitsao, mzigo mzima, zimejaa chumbani mwangu bado sijaziuza. Hizo sikuzipeleka Shanzu. Nilizipakia nikazirudisha ng'ambo ya Likoni, tukaziteremsha uani kwa Bi Mwanasiti bila hotuba. Wale kina mama wakashona makuti siku mbili, mimi na Kitsao tukapanda juu kufunga. Huyo bwana hakuhitaji ngazi, nakuapia. Alasiri ya siku ya tatu, tumebakiza upande wa jikoni, mvua ikaja. Haikuja kwa adabu. Ilishuka yote, kama mtu aliyekasirika kamwaga pipa. Tukakimbilia ndani tumelowa chapachapa, tukasimama tukimtazama yule bibi kitandani. Hakuna aliyeshika kitanda kukisogeza. Tulikuwa twangoja tu tone la kwanza.

Bibi akafumbua macho, akapapasa shuka yake. Kavu. Akapapasa mto. Kavu. Masikio yake yalishazeeka, hakusikia kishindo cha nje. Akamuuliza mwanawe, "Mwanasiti, masika mwaka huu haikuja?"

Bi Mwanasiti alitoka nje kwenye mvua, akasimama huko peke yake, na mimi sikumfuata kuuliza. Ni siku moja tu maishani mwangu niliyoacha kuuliza.

Sasa sikia, mwanangu. Hao wateja wako wa ng'ambo si watu wabaya. Wengi wao ni kama nilivyokuwa mimi, waikuta kamba imeshakunjwa. Lakini jua kwamba hata nchi zina mikono. Wao wakinunua kwetu, kahawa, korosho, vikapu, apima mwenye mkono mrefu. Tukinunua kwao, apima mwenye mkono mfupi. Na huyo apimaye mara nyingi si mgeni. Ni mwenzetu, mchuuzi wa katikati, kama mimi jana na wewe leo.

Basi usiniulize wapi vikapu ni rahisi. Niulize nani avisuka, na kwao hali gani. Nenda ukakae naye jamvini, shika ukindu, suka mpaka vidole vikuume, uulize kila kitu. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kutangaza bei ya kitu usichojua kilivyozaliwa. Kisha ukishajua, mwambie mteja wako wa mbali ukweli wote, na msusi naye mwambie mteja alipa nini. Asiyeweza kupima mbele ya wote wawili, ana jambo aficha. Na ukiona bei yako haimwachii msusi nafasi ya kushughulikia nyumba yake, hiyo si bei, mwanangu, hiyo ni dhuluma iliyovaa shati safi.

Nenda, Mungu akutangulie. Akupe riziki pana isiyo na kilio cha mtu ndani yake, akupe uso wa kuingilia kila ua uliotokea, na kila mkono utakaoupa na ukupe dua. Amina.