Mfereji wa Kiwanda cha Risasi

Wakati wa vita basoda, wale askari, walichukua atelie ya zamani ya reli, pale wanaume wetu walipokuwa wakitengeneza mabehewa, wakaigeuza kiwanda cha risasi. Wao walisema kiwanda. Mimi niliona uchafu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mabati, mule walisugua maganda ya risasi za zamani kwa asidi. Ya pili ya matofali, ya kujazia baruti, nayo waliizungushia ukuta wa udongo ili ikilipuka isiue watu wa nyumba nyingine. Ya tatu ghala la masanduku. Vyoo wakaviweka katikati, inzi wakaenda kote kote. Na kutoka ile nyumba ya maganda wakachimba mfereji wa kushuka bondeni.

Waliuchimba wakati wa kiangazi. Walikuwa wageni, wakaona bonde kavu, wakafikiri maji yataishia mchangani. Hakuna aliyetuuliza sisi wamama. Mvua ikianza, bonde lile linakuwa kijito, na kandoni kila mama wa mtaa ana shimo lake la kulowekea mihogo.

Mwaka ule treni haikuleta unga. Mihogo yote ya shamba langu niliitia shimoni. Nilipokuja kuitoa, maji yalikuwa ya kijani, yana utelezi kama makamasi. Mihogo iliyolowa inanuka, ndiyo, harufu ile naijua tangu utoto na naipenda. Hii ilinuka betri iliyopasuka. Nilitapika palepale.

Jirani yangu, muke wa mfanyabiashara, akaninong'oneza: "Mama, tuianike tu. Ikikauka, kwenye soko nani atajua?"

"Matumbo ya batoto ya bantu njo itajua," nikamwambia.

Tukabeba karai moja mpaka kwenye mlango wa kiwanda. Komanda akatoka, kitambaa puani.

"Bamama, mihogo yenu siku zote iko inanuka!"

"Basi, komanda, tukusongee bukari yake."

"Miye nakula muchele."

Basoda wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Komanda naye akasema: "Kama iko njala, mama, leta binti yako asugue maganda. Tunalipa na unga."

Mihogo tukaifukia. Nilikaa na hasira yangu mpaka sufuria ikawa tupu kabisa, kisha binti yangu mkubwa akaenda kazini kwao.

Alirudi na unga katika kitenge, vidole vimekuwa vya njano, kucha zimelika. Alisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga, rangi haikutoka. Nikasonga bukari. Wadogo zake wakala kwa haraka, wakasema, "Mama, ongeza kidogo." Nikaongeza.

Yeye nilimpa kijiko na sahani yake peke yake. Akashika kijiko kwa vidole vile vya njano, akasogea mbali na sahani ya wadogo zake.