Kigiriki cha Unga, Kiholanzi cha Sabuni

Watu wakisikia kwamba najua Kigiriki na Kiholanzi hucheka kwanza, kisha huuliza nilisoma wapi. Sikusoma popote. Kigiriki nilikikanda pamoja na unga kule Geita, na Kiholanzi nilikipata nikifua mashuka kwenye hospitali ya misheni upande wa Kahama. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Nianze na Kigiriki, maana nilikipata nikiwa bado mke kijana, miaka ya sitini. Mume wangu alikuwa mgodini, nami nikapata kazi kwa mama mmoja wa Kigiriki, mjane, aliyeoka mikate na kuwauzia watu wa mgodi. Mumewe alifia huko huko akitafuta dhahabu, na yeye hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yake. Basi akanimwagia mimi yote. Tulisimama meza moja, mikono imejaa unga, akinisimulia kijiji chao, mbuzi wao, na dada yake aliyemnyang'anya mchumba. Nisipoelewa alirudia. Akiniuliza jambo alisubiri nijibu, hata kama jibu lenyewe lilitoka limevunjika vunjika. Asubuhi alinisalimu, akauliza nimelalaje, mume amelalaje, mama mkwe hajambo, sawasawa na mama yeyote wa Kisukuma. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa alimtemea vijimate mara tatu, ftu ftu ftu, asipatwe na kijicho. Majirani walishangaa kuona Mzungu anajua kubariki kwa mate kama wazee wetu.

Tena Kigiriki hakikunipa taabu mdomoni. Irabu zake ni tano, zile zile za Kiswahili. Kina dh na th pia, ambazo sisi wengi wa huku zinatushinda; tunasema "zahabu" na "samani" na maisha yanaendelea. Mjane yule ndiye aliyenifundisha kuweka ulimi kwenye meno mpaka nikaweza. Niliporudi kwetu nikitamka "dhahabu" kama inavyotakiwa, mawifi zangu walisema najifanya mtu wa pwani. Niliwaacha waseme.

Mgodi ulipofungwa, mjane naye alizima tanuri lake akaenda zake. Nililia siku nzima, wala sioni haya kusema.

Baada ya hapo ndipo nikaingia kufua hospitalini, kwa masista wa Kiholanzi. Lugha yao ni ngumu, sikatai. Ina kh inayokwaruza koo, na irabu zake hazihesabiki. Nyingine unazitoa umebana midomo kama unayempigia ng'ombe mluzi. Lakini Kisukuma chetu nacho kina irabu nyingi kuliko Kiswahili, kwa hiyo sikio langu halikuogopa. Shida haikuwa sikio. Kwa miaka minne maneno niliyoambiwa mimi yalikuwa haya: leta, peleka, anika, kunja, si hivyo, rudia, safi zaidi. Na kila asubuhi, nilipotokea mlangoni, Sista msimamizi aliniambia, "Skhit op!"

Kwetu neno la kwanza la asubuhi ni salamu. Hata kama umekuja kumwambia mtu kwamba ng'ombe wameingia shambani kwake, utamwamkia kwanza. Sikuwaza hata siku moja kwamba duniani kuna watu wanaoanza siku na neno jingine. Nikajua basi hiyo ndiyo "Mwangaluka" yao, nami kila asubuhi nikaipokea kwa kupiga goti kidogo.

Kisha ikasikika kwamba anakuja daktari mpya, hajui Kiswahili, na anatafutwa mama wa kusimama naye wodi ya wanawake amfasirie. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Mikono yangu ilikuwa imepasuka kwa magadi, lakini si hilo tu. Nilichoka kuwa mtu anayejua lugha tano halafu kutwa nzima anazungumza na mashuka. Sista aliandika jina langu miongoni mwa wanaofikiriwa.

Siku daktari alipofika tulipangwa mstari. Nilitoka mbele, nikapiga goti, nikamwambia kwa heshima zangu zote, "Skhit op, daktari."

Maskini, alinyakua mkoba wake akaanza kukimbia, akidhani kuna mgonjwa anakata roho. Masista walicheka mpaka machozi. Maana yake ni "fanya haraka". Jikoni walinitania wiki nzima, na Sista akakata jina langu.

Aibu ilinikaa siku mbili. Siku ya tatu ikageuka hasira. Kosa langu lilikuwa nini? Mimi nilisalimu. Aliyekaa miaka minne bila kumsalimu mtu alikuwa nani?

Nikaenda ofisini kwake mikono ingali na povu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mama. Jina nimekata. Wewe hujui Kiholanzi."

"Najua."

Alisimama, akaniuliza kwa Kiholanzi, polepole, watoto wangu wanaendeleaje na usiku nimelalaje. Nilielewa kila neno, kwa kuwa nilikuwa nimewasikia wakiulizana wenyewe kwa wenyewe. Lakini jibu halikuja. Nilikuwa nalo kwa Kisukuma, kwa Kisumbwa, kwa Kiswahili, hata kwa Kigiriki. Kwa Kiholanzi sikuwa nalo.

"Unaona?" akasema.

"Naona, Sista. Miaka minne, na leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza kitu. Jibu ningejifunzia wapi? Mlichonipa ni hiki."

Nikamrudishia kwa lugha yake na kwa sauti yake. Kaa. Kalamu, lete. Si hiyo, ile. Jina langu, pale juu. Si hivyo, rudia. Safi zaidi.

Sikukosea hata neno moja, wala sikupiga goti. Aliiva uso mpaka masikioni. Nilijua naweza kuikosa hata kazi ya kufua, na sikujali. Lakini alikuwa amekaa, na mkono wake ulikuwa unaandika. Labda naye, alipokuwa msichana utawani, aliamriwa hivyo hivyo.

Alipofika kwenye safu ya lugha aliandika Kisukuma, Kisumbwa, Kiswahili. Kwenye Kigiriki akasita. Nikamwambia hicho aandike bila wasiwasi, hicho nilipewa kizima. Akaandika. Kisha akaandika Kiholanzi, na mbele yake akaongeza neno, "kidogo". Hakujua kwamba jioni nasoma darasa la watu wazima, na neno hilo nililisoma pale pale.

"Futa hilo," nikasema, kwa Kiswahili sasa, ili tuelewane. "Kama ni kidogo, Sista, udogo huo ni wenu."

Akafuta.