Jina Moja Sokoni Temeke

Uwanja wa soko la Temeke ulikuwa wa akina mama. Bibi zetu ndio waliofyeka pori kuzunguka kisima, na aliyekuja na mihogo kutoka Mbagala alitua mzigo pale, akanywa maji, ndipo akapanga mafungu. Hata ugomvi wa ndoa uliamuliwa hapo hapo, watu wakichambua mchicha.

Asubuhi ile nilikuwa nauza mihogo. Mume wangu, Selemani, alikuwa akiziba matairi ya baiskeli za watu pale pale. Kaka yangu Athumani, aliyekuja mwezi ule kutoka kwa mama yetu, huko Kisarawe, aliuza mkaa jirani nasi. Vita vya pili vya Wazungu tulivisikia tu, kwa unga kuadimika na nguo kupanda bei.

Malori mawili ya askari yakaziba njia.

"Wanaume wote, kaeni chini!"

Asiye na barua ya mwajiri alipelekwa jeshini. Selemani alijiajiri mwenyewe. Athumani hakuwa na barua wala kazi ya kuajiriwa.

Nilikimbilia duka la Gulamu, Mhindi aliyetuuzia kanga.

"Bwana Gulamu, niokolee mume wangu na kaka yangu. Sema ni watu wako."

Alishika kalamu. "Dada, nikiandika wawili watajua ni uongo, wawachukue hata vijana wangu wa kweli. Naandika mmoja. Nani?"

Nilikuwa na mimba ya miezi saba.

"Selemani," nikasema.

Askari aliisoma ile barua, akamtoa Selemani mstarini. Athumani alinitazama, akidhani kuna barua nyingine inakuja. Nikainamisha uso.

Lori likaondoka.

Tangu siku hiyo wanaume walilikwepa soko. Tuliuziana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti za chini, kila injini ikilia tunasimama.

Vita vilipokwisha, mama aliletewa habari kwamba Athumani alifia vitani Burma, huko Asia, kwa homa. Kaburi lake hatulijui. Mama alikuja kwangu, akakaa mkekani.

"Siku ile walipomchukua, mumeo alikuwapo sokoni?"

"Hapana, mama. Alikuwa Kariakoo."

Selemani alikuwa mlangoni. Alisikia, akatoka nje.

Mama alikufa akiamini hivyo. Selemani naye ametangulia, baada ya kuzaa nami watoto wanne, na hatukulizungumza neno lile hata mara moja. Nikiulizwa tena leo nani aandikwe, nitataja jina lile lile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.