Mlangoni Hakuna Aliyenikatalia

Kiangazi kile mimi sikutulia. Mkokoteni wa kikundi chetu cha akina mama, na punda wake, ulikuwa umekabidhiwa mjukuu wangu mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Zamani ulikuwa ukibeba maji ya kuuza. Mjukuu akasema sasa utazoa taka za Garsen, watu watalipa kidogo kidogo, na wasichana wenzake wasio na kazi watapata riziki. Mwenyekiti wetu, mwanamke asiyecheka ovyo, akamjibu, "Ijumaa hiyo ikifika huna wateja, punda anarudi kwenye mitungi. Hadithi sitaki."

Chuoni Malindi mjukuu alifunzwa kwamba kwanza umjue mteja wako ni nani: wenye nyumba, wenye maduka, au wenye hoteli pale mabasi yanaposimama. Uwaulize.

"Kuuliza tu?" nikasema. "Twende."

Nikajitanda leso, nikatangulia. Nusu ya wanawake wa mtaa ule nimewakanda mimi walipojifungua. Nikibisha hodi, wananivutia kiti kabla sijasema lolote. "Mjukuu wangu anazoa taka. Utajiunga?"

"Ndiyo, bibi! Mbona tutajiunga!"

Mlango huu ndiyo, mlango ule ndiyo, na chai juu. Mwenye hoteli alishika kifua: "Kwako wewe, mama, nitakataaje?" Kila mahali tuliacha gunia tupu.

Mimi nilirudi nimefurahi. Mjukuu amenuna.

"Unanuna nini? Wote wamekubali."

"Ndiyo maana, bibi. Haiwezekani wote."

Nikamwambia ashukuru Mungu, aache kutafuta maneno. Lakini usingizi haukunijia vizuri, nikawa nawaza magunia yale.

Siku ya kuzoa ilipofika tukapita na punda. Gunia la kwanza amelilalia kuku anayeatamia. La pili limeanikiwa mpunga. Mwenye hoteli makombo amewapa mbuzi wake, kama siku zote. Nyumba moja mama akatoka mbio, "Subhanallah, bibi, nimesahau!" Na nyuma yake shimo linawaka, pampasi zinanuka mtaa mzima.

"Umesahau, na moshi unakutoa machozi?"

Akacheka, akanishika mkono. "Bibi, shimo langu halinidai kitu."

"Basi mbona ulisema ndiyo?"

"Wewe umenikanda huu mwili. Ningekwambia hapana kwa mdomo gani?"

Tulipomfungua punda mjukuu akaniambia, "Kesho naenda peke yangu."

"Unanifukuza?"

"Nakupumzisha, bibi."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Nikabaki, lakini kubaki gani kule. Nilifagia ua, nikaufagia tena. Nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Nikatoka barabarani kuangalia, nikarudi. Yeye akija jioni anakuja na hapana tupu: wenye nyumba hapana, maduka hapana, hoteli hapana. Na uso mkunjufu! Eti hizi angalau ni za kweli. Mimi sikuona furaha iko wapi, na Ijumaa inatukaribia.

Asubuhi moja nikaenda machinjioni kutafuta matumbo ya kupika. Nikamkuta mzee mmoja mfugaji wa Kiorma amesimama na fimbo yake kwapani, anamwangalia ng'ombe wake akipasuliwa. Ng'ombe alikuwa hali majani, anakonda, tumbo limevimba, basi amemleta achinjwe kabla hajajifia. Mchinjaji akatia mkono ndani akaanza kuvuta. Akavuta mifuko ya plastiki, akavuta karatasi za mkate, na kamba, vimesokotana kama nguo zilizokamuliwa. Akavuta tena.

Mzee akanigeukia. "Nyinyi wa mjini mnaniulia ng'ombe."

"Mimi zangu nachoma."

"Unachoma zipi? Nusu zinaruka na upepo."

Nikarudia swali langu lile lile, kwa mazoea: "Mjukuu wangu ana mkokoteni wa taka. Utajiunga?"

"Hapana."

Usoni mwangu, hivyo hivyo. Nilishtuka.

"Kwangu mtabeba nini? Kinyesi cha ng'ombe?" akasema. Akanyoosha fimbo kwenye vichaka vya mathenge nje ya ua, miiba yote imeshika mifuko. "Bebeni hizi. Njia ya ng'ombe, kutoka hapa mpaka malishoni Minjila. Hiyo nitalipia. Na wenzangu watalipia."

Matumbo nikayaacha. Nilikwenda mbio na magoti yangu haya mabovu mpaka kwa mjukuu. Nikadhani atapiga vigelegele.

"Amesema atatoa, bibi, au ametoa?"

"Wewe mtoto una moyo wa jiwe!"

"Ahadi za kusema tumeshapewa nyingi."

Tukaenda kwenye hori wafugaji wanakonyweshea mifugo. Akaniambia nibaki na punda, nisisogee. Mimi! Nikasimama juani namshika punda masikio, naona kwa mbali wazee wanatikisa vichwa, fimbo zinapigwa chini. Mmoja akaondoka kwa hasira: kwa nini walipe wao, na ng'ombe wa upande wa Kulesa wapite bure? Nikataka kwenda kumrudisha. Nikajizuia, na kujizuia kuliniuma kuliko jua.

Mjukuu akarudi anavuta mbuzi jike. Wametoa huyo kwanza. Njia ikisafika ni wetu, na watatoa mwingine. Isiposafika wanamchukua.

Ijumaa mwenyekiti akaja na kamba mkononi. Akamwona mbuzi amefungwa kwenye gurudumu.

"Huyu wa nani?"

"Wa wateja," mjukuu akasema, akamweleza mwanzo mpaka mwisho.

Mwenyekiti akamfungua mbuzi mdomo, akaangalia meno. Akamshika kiwele. "Na mvua ikinyesha, ng'ombe wakihamia mbali, nani atalipa?"

"Sijui bado," mjukuu akasema. "Nitauliza wengine."

Nilitaka kumsemea. Mdomo ulishafunguka. Mwenyekiti akaniona, akaniambia, "Wewe nyamaza, nikikusikiliza wewe nitakubali bure."

"Mpaka mvua," akamwambia msichana, akakunja kamba yake, akaenda zake.

Tukamfunga punda mkokotenini, tukaelekea kwenye mathenge.